Mama lishe wa Tandika aliyenipikia wiki 14 mpaka siku ya jukwaa

Mimi ni fundi wa magari Tandika, Dar es Salaam. Mwaka huu nilishindana kutunisha misuli kwa mara ya kwanza, daraja la uzito usiozidi kilo 70, na maandalizi niliyaanza nikiwa na kilo 77. Tizi halikunisumbua, vyuma nimebeba miaka sita. Kilichonishinda ni chakula. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri, narudi saa 2 usiku, na friji sina.

Nilianza na huduma moja ya kuletewa chakula kwa pikipiki. Walisema kuku gramu 200. Nilipompima nikakuta 130, na chini ya kopo mafuta yameganda. Nikaachana nao, nikaenda kwa mama mwenye banda la mabati nyuma ya gereji yetu, nikamwonyesha daftari la kocha na mizani yangu ndogo. Nilimweleza kwamba kuku wa gramu 200 akiiva hubaki kama 150. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwanangu, tuwe tunampima mbichi, tusije tukadhulumiana." Tangu siku hiyo mizani ilikaa kwake, juu ya kabati la sahani.

Asubuhi nilikula mayai matano ya kuchemsha, viini viwili tu, na kiazi kitamu. Jioni kuku na mchicha usio na nazi. Ila sifa kubwa naitoa kwa mlo wa mchana: jodari wa soko la samaki la Feri, analazwa kwenye limau, tangawizi na kitunguu saumu, halafu anachomwa kwa mkaa taratibu. Jodari hana mafuta mengi, akizidishiwa moto anakuwa kama ubao. Wa Mama alikuwa laini mpaka wiki ya mwisho, wakati ambao wali wangu ulishapunguzwa hadi nusu kikombe na nilikuwa naota chapati. Bila samaki yule ningeacha njiani.

Milo mitatu nililipa 12,000 kwa siku. Si bei ya banda la kawaida, lakini hesabu bei ya samaki na mayai utaona hajakuonea.

Kasoro zipo. Jumapili hafungui. Chakula cha saa 7 mara nyingi kilifika saa 8. Na siku moja msaidizi wake alitia nazi kwenye mchicha. Mama akapika mwingine, hakunidai.

Wiki ya mwisho wenzangu wa jimu walinishauri niache maji siku mbili ili ngozi ikaze. Mama aliposikia aliniwekea jagi mezani, akasimama hapo hapo mpaka nikanywa. Kocha alimuunga mkono: msuli kwa sehemu kubwa ni maji, ukiyakata unasinyaa, na figo unaziweka hatarini. Nilikunywa kama kawaida. Asubuhi ya mashindano nilipima kilo 69.4, na nyuma ya jukwaa nikala viazi na vipande vya kuku alivyonifungia. Nilishika nafasi ya nne kati ya saba, nikashuka nikiwa na nguvu zangu.

Ukitaka akupikie, mwambie kabla ya saa 12 jioni ya siku iliyotangulia, maana Feri anakwenda alfajiri. Na uende na hotpoti zako tatu.