Vanishi, Rangi ya Mafuta au Klia: Mwongozo wa Kununua Rangi ya Kufufua Fanicha ya Zamani Moshi na Arusha

Katika nyumba nyingi za Moshi na Arusha kuna kabati la vyombo lililorithiwa kwa wazazi, au meza ya chakula iliyonunuliwa kwa jirani aliyehama, ambayo mbao zake ni nzima kabisa na kilichochakaa ni ngozi ya juu tu. Mwenye nyumba hufika duka la vifaa vya ujenzi, huomba "vanishi nzuri," hupewa kopo lililo karibu na mkono wa muuzaji, na baada ya miezi mitatu hulalamika kwamba meza inanata au imefanya madoa meupe. Mara nyingi kopo lile halikuwa bovu, bali lilikuwa limetengenezwa kwa kazi nyingine. Kwa hiyo nimezipanga hapa aina sita zinazopatikana madukani kwa kufikiria mtu mmoja tu, yaani yule anayefanya kazi mwenyewe uani kwake, kwa brashi na msasa, bila kompresa. Sikupanga kampuni, kwa kuwa karibu kila kampuni hutengeneza rangi nzuri na rangi ya bei ya chini, na jina lililo kwenye kopo halikuambii ni ipi iliyomo ndani.

Kabla ya kutoa fedha, tambua kwanza mbao uliyo nayo. Fanicha za zamani za mninga, mkongo, mvule na mtiki, pamoja na zile za loliondo ambazo wenyeji wa Arusha wanazifahamu vizuri, zina rangi na mistari ambayo ni hasara kuifunika. Mbao za paini na saiprasi, ambazo nyingi hutoka katika mashamba ya miti ya West Kilimanjaro, Rongai na Meru, ni laini, zina vifundo vinavyotoa utomvu, na hazipungukiwi heshima zikipakwa rangi kamili. Ndivyo ilivyo pia kwa mgrevilea wa kihambani, ambao fanicha zake ni nyingi Marangu, Machame na Kibosho. Kama hujui mbao yako ni ipi, geuza droo au ingia chini ya meza, ukwangue mahali pasipoonekana kwa msasa namba 120, kisha upake maji kidogo, kwa kuwa rangi inayojitokeza mbao ikiwa na unyevu inakaribiana sana na ile utakayoipata baada ya vanishi. Ukiona vitundu vidogo na unga laini chini yake, bungua bado yumo. Nunua dawa ya wadudu wa mbao kwanza, na rangi isubiri.

Nafasi ya kwanza naipa vanishi ya poliurethani ya kupaka kwa brashi, yenye mng'ao wa wastani. Ikikauka vizuri hustahimili maji, mafuta ya kupikia na joto la wastani kuliko aina nyingine zote ambazo mtu asiye fundi anaweza kuzitumia, na kwa meza ya chakula sifa hizo tatu ndizo zinazotakiwa. Ni ghali kidogo kwa lita, lakini meza yenye uso wa sentimita 150 kwa 90 ina mita za mraba 1.35 tu juu, na ukijumlisha miguu na mbao za pembeni hufika takriban 2.5. Lita moja hutandaa mita za mraba 10 hadi 12 kwa mpako mmoja. Mipako mitatu ya meza nzima, kwa hesabu hiyo, haimalizi hata lita moja, na kopo la lita nne ambalo muuzaji atakushawishi kwamba "linatoka nafuu" litakuja kuganda stoo. Mpako wa kwanza uzimuliwe kwa tapentaini ili upenye ndani ya mbao, na kila mpako usubiri usiku mzima kabla ya kusuguliwa kidogo kwa msasa namba 240 au 320.

Vanishi hii ina udhaifu wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba huchelewa kukauka, na vumbi la Arusha halichelewi kufika. Paka asubuhi na mapema, baada ya kumwagia uwanja maji, au ndani ya chumba kisicho na pazia. Wa pili ni kwamba mvule na mtiki vina mafuta ya asili yanayozuia vanishi isikauke, hivyo futa mbao hizo kwa kitambaa chenye tina, yaani kile kizimulio kikali cha rangi, uache ikauke, kisha upake siku hiyo hiyo kabla mafuta hayajapanda tena. Usiichague kwa mng'ao mkali unaovutia dukani. Mng'ao mkali huonyesha kila mkwaruzo na kila punje ya vumbi, na kwa kazi ya kwanza ya mtu hakuna kitu kinachosema wazi zaidi kwamba hakuwa fundi.

Nafasi ya pili ni rangi ya mafuta juu ya praima. Hii ndiyo ningeinunua kwa kabati la paini, kitanda cha watoto, au fanicha iliyounganishwa kwa mbao za aina tatu ambazo haziwezi kufanana hata zikipakwa vanishi mara kumi. Hufunika puti, hufunika viraka, na hufutika kwa kitambaa chenye sabuni. Kwa kabati lenye urefu wa sentimita 180, upana wa 120 na kina cha 50, mbele, pande mbili na juu ni kama mita za mraba 4.6, hivyo nusu lita ya praima na lita moja ya rangi vinatosha kwa mipako miwili iwapo humwagi. Watu wengi huruka praima ili kuokoa fedha. Kwenye mbao mpya iliyo wazi matokeo yake ni kwamba mbao hunywa rangi ya ghali badala ya praima ya rahisi, na mwisho wa hesabu fedha iliyookolewa haipo. Fahamu pia kwamba rangi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano taratibu, hasa mahali pasipofikiwa na mwanga kama ndani ya kabati, hivyo ni busara kuchagua rangi ya maziwa tangu mwanzo.

Nafasi ya tatu ina sharti. Sila na klia, yaani ule mfumo wa maseremala ambao sila ya kuziba vinyweleo vya mbao hupulizwa kwanza, husuguliwa, kisha klia, ambayo ni mpako usio na rangi unaozimuliwa kwa tina, hufuata, hutoa uso laini kuliko vyote, na hukauka kwa dakika chache kwa sababu tina iliyomo huruka upesi. Kwa fundi mwenye kompresa ningeiweka ya kwanza au ya pili. Kwa mtu mwenye brashi inashuka, kwa kuwa hukauka kabla brashi haijamaliza mkondo wake, na mpako wa pili huyeyusha wa kwanza, nawe ukirudia mahali pamoja mara mbili unavuruga kila kitu. Aidha, katika masika, kati ya Machi na Mei, hewa ikiwa na unyevu klia hufanya ukungu mweupe kama maziwa, kwa sababu tina inaporuka hupoza uso wa mbao na mvuke wa hewani huganda juu yake. Njia ya nafuu ni kufanya kazi ngumu mwenyewe, yaani kukwangua, kuziba na kusugua nyumbani, kisha kupeleka fanicha kwa fundi kupulizwa tu. Kupuliza ndiko sehemu fupi ya kazi, na bei yake inapaswa kuwa fupi pia. Tina ina mvuke unaowaka upesi sana, hivyo isikaribie jiko la mkaa, hata lile lililoko upande wa pili wa ukuta.

Hapa niseme kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipaka kabati rangi ya mafuta ya kijani, likapendeza, nikataka ling'ae zaidi. Muuzaji wa duka moja mjini Moshi aliniuzia klia akisema kwamba vitu vyote visivyo na rangi ni kitu kimoja. Sikumaliza mlango wa pili kabla mlango wa kwanza haujakunjamana kama utandu wa maziwa yaliyochemshwa. Tina ya klia ni kali, nayo huinua rangi ya mafuta iliyo chini yake. Nilikwangua kabati zima upya, kwa siku mbili, na tangu hapo sinunui kopo lolote kabla sijasoma ubavuni limeandikwa lizimuliwe kwa nini: maji, tapentaini, spiriti au tina. Mstari huo mmoja unakuambia nini kinaweza kukaa juu ya nini kuliko maelezo ya muuzaji yeyote.

Nafasi ya nne ni rangi ya maji, ile ile ya ukutani. Haina harufu kali, hukauka kwa saa chache, brashi huoshwa kwa maji, na kama ulipaka sebule mwaka jana pengine unayo robo ya ndoo, jambo linaloifanya kuwa ya bei rahisi kuliko zote. Inafaa kwa rafu ya vitabu, fremu ya kioo au stuli ya mapambo. Haifai peke yake kwenye kitu kinachoguswa kila siku, maana hushika uchafu wa mikono na kufutika kona, hivyo huhitaji vanishi juu yake. Kama rangi yako ni nyeupe, tafuta vanishi ya maji, kwa kuwa ile ya mafuta itaifanya iwe kama karatasi ya gazeti lililokaa juani. Kwenye chipubodi iliyo wazi kingo zake, rangi ya maji ni hatari zaidi, kwani kingo hunywa maji na kufura, na zikifura hazirudi.

Nafasi ya tano ni polishi ya shelaki inayoyeyushwa kwa spiriti. Mafundi wa zamani waliipaka kwa pamba iliyofungwa kitambaani, na kwenye fanicha ya mninga isiyokutana na maji hakuna kitu kinachopendeza kuliko hiyo. Lakini kikombe cha chai ya moto huacha duara jeupe, na spiriti ikimwagika huiyeyusha mara moja. Hata hivyo ningenunua kiasi kidogo kwa kazi nyingine kabisa: shelaki hupakwa juu ya vifundo vya paini na saiprasi kabla ya praima, nayo huzuia utomvu usipenye na kuacha doa la kahawia katikati ya kabati jeupe.

Stika zinazofanana na mbao au marumaru naziweka za mwisho. Zinafaa kwa nyumba ya kupanga na kwa uso ulionyooka wa melamini ambao rangi haishiki kirahisi, basi. Mvuke wa jikoni huzifumua kingo.

Bajeti yenyewe ningeigawa tofauti na wanavyoigawa wengi. Fanicha kubwa moja ya vanishi huhitaji karatasi kadhaa za msasa wa namba 80, 120, 180 na 240, kikwangulio, puti ya mbao, brashi moja nzuri ya inchi mbili, na barakoa. Ununuzi huu huonekana mdogo na ndio unaorukwa, kisha mtu hununua rangi ya daraja la juu na kuipaka juu ya nta ya miaka kumi. Rangi iliyopakwa juu ya nta au mafuta hukimbia na kuacha mashimo madogo, hivyo futa nta kwanza kwa kitambaa chenye tapentaini, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, acha ikauke siku nzima, ndipo usugue. Brashi ya bei ya chini hutoa nywele zake kwenye kazi yako, na nywele moja kwenye vanishi inayokauka ni usumbufu kuliko bei iliyookolewa. Fanicha yenye rangi ya zamani sana isuguliwe kwa msasa wa maji, ikiwa imelowanishwa, mbali na watoto, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Ukiwa dukani, tazama kwanza tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, pamoja na alama ya ubora ya TBS. Tikisa kopo: likigonga kama lina jiwe ndani, rangi imezama na kuganda, basi liache. Usinunue tina au tapentaini iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwanza kwa sababu huwezi kujua imechanganywa na nini, na pili, ambalo ni kubwa zaidi, mtoto au mgeni anaweza kuinywa. Dai risiti ya EFD, kwani ndiyo itakayokutetea ukirudisha kopo lililoganda. Kama unachanganyiwa rangi maalumu kwa mashine, nunua yote ya kazi nzima siku moja, maana mchanganyiko wa wiki inayofuata unaweza kupishana kidogo, na tofauti hiyo huonekana milango miwili ikiwa pamoja.

Wakati mzuri wa kazi hii Moshi ni Januari na Februari, kabla ya masika, au kuanzia Agosti hadi vuli inapokaribia. Arusha iko juu zaidi, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 15, hivyo mpako ambao Moshi ungekauka kwa usiku mmoja uupe Njiro au Sakina siku mbili. Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Vanishi na rangi ya mafuta huendelea kukomaa kwa wiki moja au zaidi, na katika muda huo meza itumike kwa tahadhari, bila sufuria ya moto na bila kile kitambaa cha plastiki chenye maua tunachokipenda, kwa kuwa plastiki laini hung'ang'ania rangi changa, na siku utakapokivua kitaondoka na maua yake pamoja na mpako wako wa tatu.