Mizani ya jikoni ya Sh 18,000: mwaka mzima nampimia nyoka wangu

Niliinunua Januari mwaka jana kwenye duka la vyombo Barabara ya 12, Ngamiani, hapa Tanga. Muuzaji alitaka 20,000, tukaelewana 18,000. Ni ile mizani bapa ya kidijitali ambayo wapika keki wanaijua: uso wa kioo, inapima hadi kilo 5, inasoma gramu moja moja, inatumia betri mbili ndogo za rimoti. Muuzaji akaniuliza, "Dada, wapika keki?" Nikamwambia nafuga nyoka, nataka kujua jike wangu amefikia kuzaa au bado. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani nyoka naye ana uzito wake wa kuolewa?"

Anao, na ndiyo maana naiandikia mizani hii.

Ninaowafuga ni wale nyoka wa kahawia wanaoingia majumbani kutafuta panya, wenye mistari miwili ya rangi ya maziwa kila upande wa kichwa. Kitaalamu wanaitwa Boaedon. Hawana sumu, wao humuua panya kwa kumzungushia mwili na kumbana. Hapa Chumbageni watu wanawaua kwa fimbo wakidhani ni swila, na kila nikisikia inaniuma. Sasa ninao wawili, kwa kibali cha wanyamapori: dume mwenye gramu 84, ambaye hataongezeka sana, na jike ninayemwita Kahawa. Kwa aina hii jike ndiye mkubwa, anaweza kupita mita moja.

Kabla ya Kahawa nilikuwa na jike mwingine, nikampoteza mwaka 2022. Huyo nilimpima kwa macho. Alikuwa na miezi 11, amerefuka, anakula kila anachopewa, nikaona amekua. Na mimba aliishika kweli, maana majike wa aina hii wanaweza kushika hata kabla ya kutimiza mwaka. Lakini mwili ule ulikuwa bado unajijenga, na chokaa na mafuta ya kutengenezea mayai vilitoka humo humo. Alitaga manne, la tano likakwama. Daktari wa mifugo niliyempelekea aliniambia kwa unyoofu kwamba hajawahi kumtibu nyoka. Siku ya tatu alinifia mikononi.

Nilichokuwa nacho wakati ule ni mizani ya mshale ya kaka yangu anayeuza samaki soko la Deep Sea. Ile inahesabu gramu 50 kwa 50. Kwa changu na tasi inatosha. Kwa nyoka mwenye gramu 140 ni sawa na kukisia.

Hii mpya sikuiamini hivi hivi. Nilichukua sirinji ya ml 20 ya duka la dawa, nikaweka kikombe juu ya kioo, nikarudisha namba kwenye sifuri, nikamimina maji sirinji kumi. Yalipaswa kuwa gramu 200, ikasoma 201. Nikaridhika. Ila nilipodondosha maji tone kwa tone haikusoma kitu mpaka yalipokuwa mengi kiasi, kwa hiyo kwa nyoka aliyetoka kwenye yai jana haifai. Kwa hao tafuta mizani ndogo kama za masonara, zinazosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Kumpima nyoka si kama kupima unga. Unga haujongei. Namuweka Kahawa kwenye kopo la aiskrimu la lita 2 lenye mfuniko niliotoboa vitundu, nazima panga boi (upepo wake peke yake unayumbisha gramu 2 au 3), nasubiri ajikunje atulie. Na hapa ndipo mizani hii inaponiudhi: isipoguswa kwa kama dakika mbili inajizima, ikiwaka tena imesahau ule uzito wa kopo uliouondoa. Dawa yake nimeandika uzito wa kopo kwenye mfuniko kwa kalamu ya wino mzito, gramu 63, natoa mwenyewe kichwani.

Siku pia ina maana yake. Napima Ijumaa asubuhi, kabla ya chakula, akiwa ameshajisaidia. Mwezi Machi nilimpima siku moja baada ya kumeza panya wawili, nikasoma 190, moyo ukaruka. Siku tano baadaye ilikuwa 173. Zile 17 zilikuwa chakula tu na maji.

Mimi nilijiwekea vipimo viwili na nikaapa vyote vitimie: awe amepita gramu 200, na awe ametimiza miaka miwili. Juni mwishoni alifika 206, na miaka miwili alikuwa nayo. Kwa daftari peke yake ningempeleka kwa dume wiki ile. Sikumpeleka, kwa sababu mizani haijui kutofautisha nyama na mafuta. Nyoka wa kufungiwa ukimlisha ovyo atakupa namba nzuri huku ndani amejaa mafuta, na jike mnene hupata taabu kuyasukuma mayai kama yule aliyekonda. Lazima umpitishe mkononi. Uti wa mgongo usitokeze kama paa la makuti, lakini pia akijikunja ngozi isifanye mikunjo minene kuelekea mkiani. Awe mviringo na mgumu kama mchi, nawe usikie misuli inakushika.

Kahawa alikuwa mviringo, sawa. Lakini Julai upepo wa kusi ulipotia ubaridi usiku akagoma kula mara tatu, akashuka hadi 197. Nilifurahi kwamba nilisubiri. Anayeishi ukingoni mwa kipimo hana akiba, na mayai yanataka akiba. Joto lilipoanza kurudi akala vizuri, akajivua gamba zima bila kukatikakatika, na Oktoba nikaandika 219, Ijumaa tatu mfululizo haikushuka. Hapo ndipo nilipomweka na dume siku mbili.

Yaliyofuata niliyasoma kwenye daftari zaidi kuliko kwenye tumbo lake. Chakula kikapungua, uzito ukapanda. Desemba akajivua gamba tena, na siku kumi hivi baada ya hapo akataga kwenye kopo la makumbi ya nazi yaliyoloanishwa kidogo. Mayai 9, hakuna lililokwama. Nilikaa sakafuni nikalia. Kabla ya kutaga alikuwa 238, baada ya kutaga 163.

Mayai niliyawekea alama ya penseli upande wa juu, maana si kama ya kuku: mtoto akishajishikiza ndani, ukiligeuza yai unaweza kumuua.

Kwa hiyo mizani naipa nne kwa tano. Moja nimeipunguza kwa kule kujizima, na kwa kuwa chumvi ya bahari yetu inakula vibati vya betri. Nimeshavikwangua mara mbili kwa kipande cha msasa. Mwenye kukaa karibu na Raskazone, toa betri kila ukimaliza kupima. Kioo nacho kinateleza, usimuweke nyoka juu yake bila kopo.

Usiihifadhi kabatini baada ya mayai. Jike wa aina hii anaweza kutunza mbegu za dume mwilini na kutaga tena baada ya miezi miwili hivi, hata kama dume hajamwona tena. Kahawa yuko peke yake tangu Oktoba, lakini hilo silo la kunilaza usingizi. Namlisha panya wadogo kwanza, mmoja mmoja kila siku tano, mpaka tumbo lizoee, halafu nitarudi kwenye wa kawaida. Kama mayai mengine yanakuja, nataka yamkute ameshajaza alichotoa.

Leo ni siku ya 31 tangu atage. Ameniangalia kupitia plastiki ya kopo, ulimi unaingia na kutoka, mpaka namba ikatulia: 234 pamoja na kopo. Yeye mwenyewe 171.