Upinde wa kompaundi kwa anayeanza: usikimbilie pauni nyingi

Assalaam alaykum watazamaji, karibuni tena hapa Malindi. Kusi inavuma leo, ukisikia mvumo kwenye maikrofoni ndiyo hiyo, mtanivumilia. Huu nilioushika ni upinde wa kompaundi wa kuanzia. Kampuni siitaji, hawajanilipa.

Tazama hapa juu na hapa chini. Haya magurudumu yasiyo duara kamili, yaani kamu, ndiyo roho ya upinde wenyewe. Aliyeyabuni ni Mmarekani, Holless Allen wa Missouri, akapata hataza mwaka 1969. Sasa naweka mshale, navuta... hapa katikati mkono unatetemeka, mnaona? Ndipo pazito. Nikimaliza kuvuta, huo, umelegea! Nimeuweka nguvu ya kuvuta ya pauni 40 na unapunguza asilimia 80, kwa hiyo sasa hivi nashikilia pauni 8 tu. Nalenga bila papara na maneno bado yananitoka. Wazee wa Kiwaata, jamii ya wawindaji wa huku kwetu, walivuta pinde za mti zinazopita pauni 100, gurudumu hawana. Sisi wengine tushukuru mitambo.

Narudisha polepole. Bila mshale usifyatue kamwe, hata kwa mzaha, maana nguvu yote inaishia kwenye upinde wenyewe na unaweza kukupasukia usoni.

Kilichonipendeza hasa ni kwamba urefu wa mvuto, yaani umbali unaouvuta upote (kamba ya upinde) hadi mwisho, unarekebishwa kwa skrubu hizi mbili, huhitaji fundi. Simama ukutani, tanua mikono, mtu akupime ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha gawa kwa 2.5. Mwenye sentimita 175 anapata 70, karibu inchi 27 na nusu. Ukizidisha, bega la mbele linapanda na upote unakuchapa kigashani. Alama yake huifichi, vaa kinga. Na nyinyi vijana wa kunyanyua vyuma, najua mtataka pauni 60. Huo ndio upeo unaoruhusiwa kwenye mashindano ya World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu. Anza na 30, mwili ujifunze kwanza.

Kifyatuo kilichokuja nacho, yaani kifaa cha kushika upote na kuuachia, sikipendi. Hiki hapa, cha kufunga kwenye kifundo cha mkono. Ni kigumu, unakibonyeza weee, halafu kinaachia ghafla na mshale unaenda kwa jirani. Nunua kingine. Kidole kikae, ubane mgongo taratibu, mshale uondoke bila wewe kuushtua.

Tundu la kuchungulia nalo hujizungusha kwenye upote, ukivuta unaona uzi mtupu badala ya shabaha. Upote mpya hurefuka kidogo kidogo, basi usilie mapema, piga mishale kwanza ndipo urekebishe.

Mashindano ni mita 50, karatasi ya shabaha ina upana wa sentimita 80. Wewe anza mita 10, asubuhi kabla upepo haujachachamaa, na nyuma ya shabaha pawe na tuta la mchanga, si njia ya watu.

Kwa mtu mzima anayeanza, mimi ningeununua. Mtoto anayekua pia unamfaa, mvuto unaongezeka naye. Ila ukikaa pwani kama mimi, futa skrubu kwa mafuta kila ukimaliza na upake upote nta. Hebu kamera isogee hapa chini: kutu hiyo, na upinde bado mpya.