Keki ya matunda ama biskuti za Krismasi?

Kila Desemba swali ni lilelile, tuoke keki ya matunda ama biskuti, na mi nasema inategemea nyumba yako ikoje. Keki inakula hela zaidi, zabibu kavu, mayai, siagi, vyote kwa mpigo, alafu inakaa kwenye oveni ya nyuzi 150 masaa mawili hadi matatu, kwa hiyo umeme ama gesi nayo uihesabu. Ila kwa kukaa haina mpinzani: sukari na matunda makavu vinashika maji, ukungu unakosa nafasi, ukiifunga vizuri inapita wiki kadhaa na utamu unazidi. Unaoka mapema, sikukuu yenyewe umepumzika.

Biskuti? Nyuzi 180, dakika 10 hadi 12 zimeiva. Zikipata unyevu zinalegea, kopo lifunikwe kabisa. Lakini watoto jamani! Wanakata nyota, wanapaka sukari ya rangi, unga hadi kwenye nywele, na hicho ndo wanakumbuka wakikua.

Una wageni wengi na siku yenyewe hutaki kushinda jikoni, keki. Una watoto wadogo wamefunga shule, anza na biskuti.