Tripodi ya safari kwa sisi watu wa pwani: ninayotumia sasa baada ya ile ya kwanza kunifia Mbudya

Nianze na ile tripodi (stendi ya kamera ya miguu mitatu) iliyokufa maana ndo iliyonifundisha. Niliinunua Kariakoo kwa 45,000, ndefu kweli, boksi limeandikwa "professional" kwa herufi za dhahabu, na muuzaji akaivuta miguu yote mpaka ikanipita kimo akaniambia "dada hii hata kamera ya TV inabeba". Nikaamini. Nikaenda nayo kisiwa cha Mbudya mara mbili, mara ya kwanza safi, mara ya pili nikaisimamisha pale maji yanapopwa ili nipige mawimbi kwa shata ndefu, yaani kamera inapokea mwanga kwa muda mrefu, raba za miguuni zimezama kwenye mchanga wa maji, na mimi nimefurahi kabisa picha zinatoka. Nikarudi nyumbani Tabata nimechoka nikaikunja nikaiweka juu ya kabati. Wiki mbili baadaye navuta mguu, haushuki. Nikalazimisha, nikasikia kwaru kwaru ya mchanga ndani, nikalazimisha tena, klipu ikapasuka.

Nikaipeleka kwa fundi akaigeuza geuza akaniambia dada hiki kitu hakijatengenezwa kifunguliwe, hapa pamepigwa ribiti, hapa pamegundishwa. Hela imeenda. Na kiukweli siku ile ndo nikaelewa kwamba kabla ya urefu, kabla ya uzito, kabla ya jina la kampuni, swali la kwanza kwa mtu anayeishi Dar na kupiga picha fukweni ni je hii tripodi inafunguka nikaisafisha mwenyewe au haifunguki.

Sasa ninayo nyingine, nimeitumia miezi kama kumi, nimeenda nayo Bagamoyo, Kilwa na Unguja, na hapa mjini sizihesabu. Ni ya alumini, kilo 1.6 nilipima kwenye mzani wa duka la mangi, ikikunjwa ni sentimita 42, miguu inageuka kwenda juu inakizunguka kichwa ndo maana inakuwa fupi vile, inaingia kwenye begi langu la mgongoni zipu inafunga. Nililipa 280,000 baada ya kubishana sana. Brand siitaji kwa sababu dukani niliziona mbili zinafanana kila kitu mpaka michirizi ya vishikio, nembo tu ndo tofauti, na bei zimepishana elfu sitini, kwa hiyo ukienda kutafuta jina utapotea, tafuta sifa.

Wenye hela kuna Manfrotto Befree, kuna Peak Design ile iliyoanza kuuzwa 2019 ambayo wameunda miguu ikalaliana bila kuacha nafasi katikati, inakunjika sentimita 39 hivi, ila ile hata toleo la alumini ni zaidi ya dola 350 na hapo hujaisafirisha. Za kaboni faiba ni nyepesi zaidi na zinatuliza mtetemo haraka, na mabomba yake hayaliwi na chumvi, lakini maungio yake bado ni chuma na skrubu kwa hiyo kuosha kuko pale pale, halafu kaboni ikigongwa vibaya inapasuka wakati alumini inabonyea tu unaendelea na kazi. Kwa mtu anayerusha begi kwenye buti la basi la Kilwa mimi bado nasema alumini.

Jinsi nilivyoichagua nieleze vizuri maana hapa ndo wengi tunaibiwa. Nilienda na kamera yangu dukani, Canon 6D na lenzi yake ya 24-105, zote pamoja ni kama kilo 1.4. Yule kaka wa dukani akaanza na urefu kama kawaida yao, nikamwambia kaka usipandishe hiyo nguzo ya katikati, fungua miguu yote mpaka mwisho nguzo ikiwa chini kabisa. Nikafunga kamera, nikawasha laivu vyuu ili nione kwenye skrini kile lenzi inachoona, nikazumu mara 10 kwenye bango la duka la ng'ambo ya barabara, halafu nikaugonga mguu kwa kidole. Kwenye skrini herufi zile zinacheza, unahesabu moja, mbili, tatu mpaka zitulie. Tripodi ya kwanza aliyonipa ilichukua kama sekunde nne bado inacheza. Hii niliyochukua sekunde moja na nusu imetulia. Nikapandisha nguzo ya katikati nikagonga tena, sekunde tatu. Mwenyewe yule kaka akashangaa akasema hajawahi kuona mteja anapima hivyo, tukaanza kuzipima zote zilizokuwa kwenye shelfu, mpaka mteja mwingine aliyeingia akajiunga.

Kipimo hicho kinakuonesha vitu ambavyo boksi halisemi. Boksi la hii yangu linasema inabeba kilo 10, sawa, haitavunjika, lakini kubeba na kutulia ni vitu viwili tofauti na kila kiwanda kinapima kivyake. Angalia kile kipande cha mwisho cha mguu, kile chembamba kabisa cha chini, kama ni chembamba kama kalamu basi jua kitacheza. Miguu yenye vipande vitano inakunjika fupi sana ila cha tano kinakuwa kijiti na loki zinakuwa nyingi, yangu ina vinne na naona hapo ndo pazuri.

Kichwa ni kile cha goroli, unalegeza kitasa kimoja kamera inaelekea unapotaka unakaza. Jaribu hivi: elekeza lenzi kwenye kitu, kaza, achia mkono taratibu, uone kama lenzi inainama kidogo. Ikiinama achana nayo. Na ile pleti inayofungwa chini ya kamera hakikisha ni ya mtindo wa Arca-Swiss, ile yenye kingo zilizolala pande mbili, kwa sababu ikipotea unapata nyingine ya kampuni yoyote. Zile zenye pleti yake ya peke yake ikipotea tripodi nzima imekuwa fimbo. Mimi nanunua mbili siku hiyo hiyo.

Halafu nikamwomba afungue mguu. Akasita, nikamwambia nitafungua mimi. Loki zake ni za kuzungusha, unaizungusha mpaka mwisho inatoka, bomba linachomoka, ndani unakuta vipande viwili vya plastiki vimelikumbatia bomba, na miguu juu inakazwa kwa aleni ki, kile kifunguo cha pembe sita, ambayo imo kwenye boksi. Hapo hapo nikatoa hela.

Elimu ya kuosha sikuitoa mtandaoni, nilipewa na mzee mmoja nahodha wa Kunduchi anayevusha watu kwenda Mbudya. Safari yangu ya kwanza na tripodi mpya tuliporudi nikamkuta anawasha mashine ya boti ikiwa kwenye pipa la maji. Nikamsalimia shikamoo mzee, nikamuuliza mbona unaichosha mashine na safari imeisha. Akasema, "Mwanangu, hii imekunywa chumvi siku nzima, lazima nayo inywe maji baridi ndo ilale. Na hayo machuma yako hapo begani umeyapa maji?" Sikuwa na jibu. Akanimiminia kidumu chake cha lita tano kwenye miguu pale pale, mguu mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo nikirudi ufukweni kabla sijaoga mimi inaoga yenyewe. Usifanye kosa la kuikunja kwanza, ukiikunja mchanga unaingia juu zaidi, isuuze ikiwa imefunguka, maji yasiyo na chumvi. Kama miguu ilizama kwenye maji ya bahari basi unafungua loki za chini kabisa, na kabla hujatoa vile vipande vya plastiki piga picha na simu jinsi vilivyokaa maana vina kajino kanaingia kwenye katundu, ukigeuza mguu haukazi na utadhani umeharibu. Mswaki wa zamani, beseni, sabuni kidogo. Utaona maji yanabaki na mchanga mweusi mweusi chini. Kausha kivulini usiku kucha zikiwa zimetengana, asubuhi pakaa grisi kidogo sana kwenye nyuzi za loki, kidogo kama ya kupaka mdomo, ukizidisha inashika mchanga na umerudi kule kule. Dakika ishirini. Ukiacha, alumini inatoa ule unga mweupe na hapo ndo loki zinaanza kung'ang'ania.

Kazini sasa. Ilikonipa raha zaidi ni Kilwa Kisiwani. Unalipia kibali Kilwa Masoko, unavuka kwa boti, na ukiingia ndani ya ule Msikiti Mkuu, kwenye sehemu yenye kuba, mwanga ni mdogo unaingia kwa ubavuni tu, nguzo za matumbawe zinapokezana vivuli mpaka nyuma. Kwa mkono huwezi, utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, picha iwe na chenga. Nilitaka ISO 100 na tundu la lenzi dogo kiasi, f/8, ili kila jiwe lionekane, shata ikaja sekunde moja na zaidi. Sakafu haijasawazika, lakini miguu ya hii kila mmoja unafungua kwa pembe yake, mmoja nikaulaza karibu usawa wa chini, mingine miwili nikaisimamisha, goroli ikamaliza kunyoosha. Nikaweka taima ya sekunde 2 ili mkono wangu usiiguse, nikazima stabilaiza ya lenzi, ile inayozuia mtikisiko wa mkono, maana hizi lenzi za zamani kidogo ukiziacha zimewaka juu ya tripodi zenyewe ndo zinaleta mtikisiko. Mzee aliyekuwa anatuongoza nikamuonesha kwenye skrini alama za patasi kwenye jiwe, akaisogeza kamera karibu na macho akanyamaza muda mrefu, halafu akaniambia "mwanangu hii nitumie nimuoneshe mjukuu wangu". Nimemtumia.

Coco Beach alfajiri wakati wa kusi ni kesi nyingine. Upepo unaipiga hii tripodi kisawasawa, kilo 1.6 ni nyepesi, hilo ukubali. Chini ya nguzo kuna ndoano ya kutundika begi, ila ukilitundika likining'inia upepo unalibembeza na picha inazidi kuharibika, mimi nalishusha mpaka liguse mchanga, uzito nusu unavuta nusu umekaa. Na vipande vya chini vya miguu sivifungui kabisa, napiga chini chini nimepiga goti. Na pale Daraja la Tanzanite usiku msihangaike kulaumu tripodi, magari yakipita daraja lenyewe linatetemeka, subiri gari zikatike au shuka upigie ufukweni.

Ambacho sikipendi, urefu. Bila nguzo ya katikati inaishia sentimita 125, mimi siyo mrefu lakini nainama, na 6D skrini yake haigeuki, baada ya saa moja mgongo unauma. Mtu wa mita 1.80 hii itamtesa. Kitasa cha kichwa nacho ni kidogo, mikono ikiwa na maji ya bahari kinateleza. Na kale kamfuko kake zipu imekufa mwezi wa tatu, nimeshonesha kengine kwa fundi cherehani cha turubai, 8,000, kina tundu chini la kutoa maji.

Kitu kingine kabla hujatoka nayo mjini, ukisimamisha miguu mitatu watu wanakuona mtu wa kazi. Kamera mkononi unapita, tripodi ikisimama mlinzi anakuja. Maeneo ya Magogoni Ikulu iko pale pale, usithubutu hata kuifungua. Kwingine Posta mimi namfuata mlinzi kwanza, namsalimia, namuonesha picha za siku nyingine, mara nyingi ananiambia dada piga ila usielekeze kule. Hapo ufupi wa hii unasaidia maana inakaa begini mpaka nimeshapata ruhusa, haijaning'inia mgongoni kama bunduki.

Kama unapiga harusi na matamasha humu humu ukumbini, hii siyo yako, chukua nzito yenye kichwa cha video. Kama unapiga na simu tu pia 280,000 ni nyingi mno. Ila kama wewe ni mtu wa boti, wa basi la alfajiri kwenda Bagamoyo, wa mchanga, nenda na kamera yako dukani, gonga mguu, hesabu sekunde, halafu mwambie akufungulie loki moja mbele yako. Mimi Jumamosi hii maji yakipwa niko Kunduchi, na kidumu cha lita tano nabeba changu.