Vifaa vya kupakia mizigo kwenye buti: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Pilau ya kilo 15 za mchele na kilo 15 za nyama ikishaiva, ukijumlisha maji yaliyonywewa na mchele na uzito wa sufuria lenyewe, unabeba zaidi ya kilo 50. Sufuria lina moto, kwa hiyo huwezi kulikumbatia kifuani kama gunia. Unalishika kwa mikono iliyonyooka, mbali na mwili. Kwa miaka nililishusha hivyo, mimi upande mmoja na kijana wangu upande wa pili, kutoka kwenye buti la Noah mpaka ukumbini. Siku moja huko Mbagala, nikiwa nimeinama nusu ya mwili ndani ya buti, nikahisi kiuno kimekatika. Chakula kilifika mezani. Mimi nililala kwenye siti ya gari mpaka shughuli ikaisha, na wiki tatu baadaye nilikuwa bado nafungwa viatu na binti yangu.

Tangu hapo nimeazima, nimenunua na nimechomelesha vifaa vya kupakia vya kila namna. Haya ninayoyaandika ni kwa wapishi wa shughuli wenzangu, wakodishaji wa muziki na viti, wenye maduka wanaofuata mzigo Kariakoo kwa Probox, na yeyote mwenye mzazi anayetumia kiti cha magurudumu. Bei sitaziweka, maana hubadilika kila kontena jipya likifunguliwa. Nitasema tu kipi ni ghali kuliko kipi.

Kwanza pima gari lako

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, katika hesabu yake ya kunyanyua mizigo iliyorekebishwa mwaka 1991, inaanza na kilo 23. Huo ndio uzito wa juu kwa mtu anayenyanyua katika hali nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, hauanzii chini sana, na mbebaji hajipindi. Ukiinama, kilo zinapungua. Ukinyoosha mikono zinapungua tena, na ukijigeuza ubavu zinapungua zaidi. Buti la gari linakulazimisha kufanya yote matatu kwa pamoja. Ndiyo maana mtu anabeba ndoo ya lita 20 kutoka kisimani kila siku bila shida, halafu anaumizwa na kreti moja la soda lililosukumwa mpaka nyuma ya siti.

Kwa hiyo chukua futi ya fundi, upime kutoka ardhini mpaka ukingo wa buti. Pima gari likiwa tupu, kisha pima tena likiwa limejaa. Noah yangu ikiwa tupu iko karibu sentimita 60. Nikishapakia masufuria, vyombo na jenereta, springi zinakaa na ukingo unashuka sentimita nne hivi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini toroli lililopimwa kwa gari lililojaa litagota kwenye ukingo siku gari likiwa tupu.

Kisha tazama sakafu ya ndani. Kwenye Noah, Probox na gari nyingi za mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, sakafu iko karibu sawa na ukingo, hivyo mzigo unasukumwa tu ukaingia. Gari la saluni lina shimo: mzigo unapanda juu ya ukingo halafu unashuka ndani. Hakuna jukwaa wala toroli litakalokusaidia pale kwenye kushuka. Mwenye gari la saluni aanze kutengeneza sakafu ya mbao ya kuinua chini ya buti hadi usawa wa ukingo, akubali kupoteza nafasi, ndipo afikirie kununua kifaa.

La mwisho ni uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba, na hapa watu wengi wanajidanganya. Probox ya mizigo ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, iliandikishwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watu watano. Kifaa cha kilo 120 kinachosafiri na gari kimeshakula karibu nusu ya hizo 250 kabla hujaweka gunia hata moja.

Namba moja: toroli la miguu ya kukunja

Umewahi kuona machela ya gari la wagonjwa inavyoingia? Magurudumu madogo ya mbele yanakanyaga sakafu ya gari, muuguzi anavuta kishikio, miguu ya mbele inajikunja, anasukuma, na ya nyuma inafuata. Mgonjwa hanyanyuliwi. Toroli ninalolisema ni hilohilo, isipokuwa juu yake pana meza bapa yenye kingo fupi.

Nimeliweka juu ya yote kwa sababu ya jambo moja ambalo mgongo wangu ulinifundisha: mzigo wenye ncha mbili unahitaji kifaa kinachokwenda ncha zote mbili. Unapakia nyumbani na unashusha ukumbini. Toroli hili linaingia garini na mzigo wake, na kule linatoka nao. Zaidi ya hapo, kimo hakibadiliki. Jikoni kwangu nimeinua jiko la gesi la kupikia juu ya kichanja, sasa sufuria likiiva linavutwa kutoka jikoni kwenda kwenye toroli, toroli linaingia kwenye buti, kule linatoka, na sufuria linavutwa tena hadi kwenye meza ya kupakulia. Tangu linapoiva mpaka linapopakuliwa halijagusa ardhi.

Unaweza kuagiza lililotengenezwa kiwandani, lakini langu limechomelewa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa skwea paipu, na lilinigharimu chini sana ya la kuagiza. Ukienda kwa fundi, nenda na gari lenyewe, usiende na vipimo kwenye karatasi. Mwambie magurudumu ya mbele yazidi ukingo wa buti kwa sentimita mbili gari likiwa tupu. Gari likijaa yatazidi kwa sentimita sita, na hapo toroli bado linaingia kwa kuegemeza kidogo. Sisitiza kufuli ya miguu iwe ya pini inayoingia tunduni, yenye springi ya kuirudisha. Fundi wa kwanza aliniwekea ndoano tupu. Toroli lilipita kwenye tuta la ukumbini, ndoano ikaruka, mguu mmoja ukajikunja na sufuria la mchuzi likamwagika lote. Hakuna aliyeungua, namshukuru Mungu kwa hilo. Nikabomoa, nikaweka pini.

Kasoro yake ni kwamba halinyanyui. Kitu kilichoko chini, kama jenereta au mtungi wa gesi, lazima kifikishwe juu kwanza. Pia magurudumu yawe makubwa. Yale ya sentimita kumi yanayozunguka vizuri kwenye vigae yatazama kwenye mchanga wa mtaani.

Namba mbili: rampu na winchi ya mkono

Kwa kitu chenye magurudumu au kinachoweza kufungwa kwenye toroli la kawaida, rampu haina mshindani kwa bei. Hesabu yake ni rahisi. Ukingo uko sentimita 60, rampu ina urefu wa sentimita 180, yaani mara tatu ya kimo. Jenereta ya kilo 75 utaisukuma kwa nguvu ya kama kilo 25, na zaidi kidogo kwa sababu ya msuguano. Rampu ya mita moja na ushee, ambayo ndiyo inayojaa madukani kwa kuwa inaingia kwenye gari kwa urahisi, itakudai nguvu zaidi ya nusu ya uzito, na miguu itateleza. Nunua ya aluminiamu inayokunjwa katikati, yenye urefu mara tatu ya ukingo wako, na uso wenye vinundu.

Winchi ndogo ya mkono, ile yenye mkanda na meno ya kuzuia kurudi nyuma, ifungwe kwenye pete imara za sakafu nyuma ya siti. Ukizungusha, mzigo unapanda taratibu, na ukipumzika unabaki palepale. Kijana wangu mwenye miaka 19 alikuwa anataka kuisukuma jenereta kwa mikono. Nilimwambia, "Mwanangu, mgongo huo una miaka 50 mbele yake." Sasa anazungusha winchi.

Usisimame chini ya mzigo unaopanda, simama ubavuni. Na mdomo wa juu wa rampu ufungwe kwa mkanda kwenye kufuli la mlango wa buti, maana gari likisogea hata kidogo rampu inadondoka. Handbreki iwe juu na jiwe liwe nyuma ya tairi. Mtungi wa gesi wa kilo 38, ambao ukijaa unafika kilo 70 na zaidi, uufunge wima kwenye toroli la mitungi, upande hivyohivyo, na usafiri ukiwa wima umefungwa. Kamwe usiulaze.

Namba tatu: meza ya haidroliki ya kukanyaga

Hii ndiyo wauzaji wanayokuonyesha kwanza: meza ya magurudumu, chini ina vyuma vya mkasi, unakanyaga pedeli inapanda, unabana kishikio inashuka. Ni kifaa kizuri sana. Ndogo ya kilo 150 kwa kawaida huanzia sentimita 22 na kufika 72 hivi, kwa hiyo inatosha gari nyingi. Ya kilo 300 inafika karibu 90.

Sababu ya kuiweka ya tatu ni ncha ya pili ya safari. Ile ndogo yenyewe ina uzito wa kilo 40 na kitu, na kubwa inapita 70. Nani ataipakia? Kwa mwenye duka la gesi au vifaa vya ujenzi anayepakia magari ya wateja mlangoni kwake kutwa nzima, iwe namba moja bila kufikiri mara mbili. Mifuko ya saruji ya kilo 50 inasukumwa kutoka kwenye meza hadi kwenye buti bila mtu kuinama. Kwa mimi ninayehama ukumbi hadi ukumbi, inabaki nyumbani.

Ukinunua ya mtumba, ipakie uzito dukani, iinue juu, chora alama ya chaki pale mkasi ulipofika, kisha ukae nusu saa. Ikishuka chini ya chaki, sili, yaani mipira inayozuia mafuta yasivuje, zimechoka. Papasa pistoni kwa kidole: iwe laini kama kioo, kwa kuwa mkwaruzo mmoja utakata kila sili mpya utakayoweka. Na kamwe usipitishe mkono katikati ya mkasi meza ikiwa juu na mzigo.

Namba nne: kreni ndogo ya ndani ya buti

Ni mkono wa chuma unaofungwa kwa bolti pembeni mwa buti, wenye mota ya umeme wa betri ya gari na mkanda unaoning'inia. Ulitengenezwa hasa kwa viti vya magurudumu. Kwa wapishi haufai, sufuria haliwezi kuning'inizwa. Lakini kama una mama au baba mwenye kiti cha umeme, ambacho huzidi sana uzito wa kile cha kusukuma, basi kwako uwe namba moja, na ujitahidi kuupata hata kama ni wa kuagiza. Kunyanyua kiti hicho mara nne kwa siku ya kliniki ni kumfanya mtunzaji naye awe mgonjwa.

Umeme wake uvutwe moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Fundi akitaka kuuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, mkatalie, lile halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Namba tano: majukwaa ya umeme

Kuna aina mbili. Moja inafungwa nyuma ya gari kwenye chuma cha kuvutia trela, au inatoka ndani ya buti na kushuka hadi chini, kama Joey ya kampuni ya Bruno ya Marekani inayofungwa kwenye gari za familia. Nyingine ni mashine ya kunyanyua inayojipandisha yenyewe garini, inayouzwa sana na viwanda vya China. Ndizo ghali kuliko zote, na kwa gari dogo sizipendekezi. Uzito wake unakaa nyuma ya ekseli, pua ya gari inainuka, taa zinamulika juu, na barabara yetu yenye makorongo inalikwangua jukwaa kila siku. Mwenye Hiace anayepakia friji na vioo kila siku anaweza kuhesabu upya, kwa kuwa gari lake lina nguvu ya kulibeba.

Kabla hujalipa

Chochote utakachochagua, nenda dukani na mzigo wako halisi, au ndoo za maji zenye uzito uleule. Uzito ulioandikwa kwenye kibao ni wa mzigo uliokaa katikati. Weka pembeni uone kama kifaa kinayumba. Kishushe kikiwa na mzigo mara tano, ukiachia kishikio kidogokidogo. Kikidondoka ghafla badala ya kushuka polepole, usikubali maneno ya "kitazoea". Na aliyepaswa kukijaribu ni yule atakayekitumia. Kishikio cha toroli langu la kwanza kilipimwa kwa urefu wa fundi, mwanamume mrefu, nami nilikisukuma kwa mabega yaliyopanda miezi miwili kabla ya kukikata na kukichomelea upya usawa wa kiuno changu.