Uzoefu wangu na mafumbo ya mtandaoni: msaada unaosaidia na msaada unaoua raha

Mlalo wa 14, herufi sita, kwenye fumbo la maneno la Kiswahili, lile la mraba wenye maneno ya mlalo na ya wima. Kidokezo kinasema: "Huchanganywa kabla ya kugawanywa." Maneno ya wima yalikuwa yameshanipa A tatu, nafasi ya pili, ya nne na ya sita. Nikaandika SADAKA. Sadaka huchangwa, kisha hugawiwa wenye shida, kwa hiyo niliona jibu limekaa sawasawa. Dakika ishirini baadaye kona yote ya chini kulia ilikuwa imegoma. Kila neno la wima lililopita kwenye S, D au K ya sadaka yangu lilikataa kuingia, na nilikuwa nimebakiza kidogo tu nitoe mji.

Nikabofya kitufe cha msaada. Nilitegemea nimwagiwe jibu lote, lakini programu ile ilifanya kitu kimoja tu: ilipaka rangi neno "Huchanganywa" kwenye kidokezo. Nikalisoma tena, polepole. Kumbe si kuchangwa, ni kuchanganywa! Nilikuwa nimelimeza neno katikati. KARATA. Kona yote ikafunguka ndani ya dakika mbili, na furaha niliyoipata ilikuwa yangu mwenyewe, maana jibu nililipata mimi.

Tangu siku ile nimekuwa napima kila programu ya mafumbo kwa swali moja: ukikwama, inakusaidiaje? Nimecheza karibu kila jioni kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa, mafumbo ya maneno na ya mantiki, kwenye simu na kwenye kompyuta. Haya ndiyo niliyoyaona.

Nianze na maneno, kwa sababu Kiswahili kina tabia yake kwenye miraba. Chukua mchoro ule ule wa herufi sita wenye A nafasi ya pili, ya nne na ya sita. Karata inaingia. Sadaka inaingia. Haraka, baraka, hasara, talaka, salama, nakala, baraza, karama, zote zinaingia. Una nusu ya herufi mkononi na bado hujui kitu! Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na irabu hizo zimepangana katikati ya neno kila baada ya konsonanti moja au mbili, kwa hiyo irabu uliyoipata kwenye makutano inakupa habari kidogo sana. Konsonanti ndiyo mali. Siku hizi kwenye mraba wa Kiswahili naanza na maneno yanayokatiza kwenye konsonanti za lile neno gumu, hata kama vidokezo vyake vinaonekana vigumu zaidi, na programu ikinipa nafasi ya kufunua herufi moja tu, sifunui irabu hata siku moja.

Tabia hiyo hiyo ilinisumbua nilipoingia kwenye Wordle. Mchezo wenyewe mnaufahamu: neno la Kiingereza la herufi tano, majaribio sita, kijani kwa herufi iliyo mahali pake na njano kwa iliyopo lakini imekaa pasipo pake. Josh Wardle aliuweka hadharani Oktoba 2021, na kufikia Januari 2022 gazeti la New York Times lilikuwa limeshaununua. Majuma ya mwanzo nilipoteza majaribio mengi kwa kubahatisha maneno yanayoishia na irabu. Sikio langu lilikuwa linatafuta umbo la neno la Kiswahili ndani ya lugha ambayo maneno yake mengi hufungwa na herufi kama T, D, Y, R, L. Nilipolitambua hilo, nikaanza kutumia jaribio la kwanza kuuliza mwisho wa neno kabla ya kuuliza mwanzo wake, na mambo yakabadilika.

Kilichonisaidia kulitambua ni chombo kinachoitwa WordleBot, cha gazeti hilo hilo. Sifa yake kubwa ni kwamba kinakuja baada ya mchezo. Ukishamaliza, kinapitia jaribio moja moja, kinakuonyesha maneno mangapi yalikuwa bado yanawezekana kabla na baada yake, halafu kinapima umahiri na bahati, kila kimoja kwa alama hadi 99. Nilipoona mara kadhaa kwamba jaribio langu la pili limeondoa maneno machache mno, nikaacha kujisifu kwa ushindi wa bahati. Napenda sana msaada wa namna hii. Haukuingilii ukiwa katikati ya raha yako, ila kesho yake unacheza vizuri zaidi.

Upande wa mantiki, hapa nina mengi ya kusema.

Programu ya kwanza ya sudoku (mraba wa visanduku 9 kwa 9, uliogawanywa boksi tisa, ambamo kila mstari, kila safu na kila boksi hubeba namba 1 hadi 9 bila kurudia) niliyoiweka kwenye simu sitaitaja jina. Ilikuwa na picha nzuri, lakini kitufe chake cha msaada kilikuwa na kazi moja: kuchagua kisanduku na kutumbukiza namba sahihi. Kwa nini kisanduku hicho? Kwa nini 7 na si 4? Hakuna maelezo. Na kabla ya kuipata namba yenyewe unatazama tangazo. Usiku mmoja nilibofya mara tano mfululizo kwenye fumbo la daraja la juu, likaisha, skrini ikanirushia maua na kunipongeza. Sikuhisi chochote. Sikuwa nimejifunza kitu, na fumbo zuri lilikuwa limeharibika, maana ukishalijua jibu lake huwezi kurudi ukalicheza kama mgeni. Niliiondoa kwenye simu usiku ule ule.

Kuna aina nyingine ya programu ambayo kitufe chake kinafundisha. Mfano ninaoukumbuka vizuri ni huu. Nilikuwa nimekwama kabisa, kila kisanduku kina namba ndogo ndogo mbili tatu zinazoweza kukaa hapo. Nikaomba msaada. Badala ya jibu, visanduku viwili vikawaka kwenye boksi la juu kushoto, vyote viwili kwenye mstari wa pili, na maneno machache: angalia 7. Nikaangalia. Ndani ya boksi lile, 7 ilikuwa na sehemu mbili tu za kukaa, na zote ziko mstari wa pili. Basi vyovyote itakavyokuwa, 7 ya mstari wa pili imo ndani ya boksi lile, haiwezi kuwa kwingine kwenye mstari huo. Nikahamia boksi la juu kulia. Pale 7 ilikuwa na nafasi mbili, moja mstari wa pili na moja mstari wa tatu. Ya mstari wa pili imekufa. Imebaki moja! Nikaiandika, na kutokea hapo fumbo lote likateremka kama maji.

Niliikalia hoja ile muda mrefu baada ya fumbo kwisha. Sikujua 7 iko kisanduku kipi kati ya vile viwili, na bado kutokujua kwangu kulinipa jibu mahali pengine. Siku hizi naiona hoja hiyo karibu kila fumbo, wala sihitaji kuwashiwa taa. Kidokezo kimoja kilichotolewa vizuri kimenisaidia kwenye mamia ya mafumbo.

Kwa aliye tayari kujifunza kwa kutazama, kuna Cracking the Cryptic kwenye YouTube, ya Waingereza wawili, Simon Anthony na Mark Goodliffe. Kwa kila fumbo mmoja wao hukaa akalifumbua mbele yako, akieleza kwa sauti anachofikiri, pamoja na pale anapokwama. Anzia kwenye ile ya Mei 2020 inayojulikana kama Miracle Sudoku, iliyotungwa na Mitchell Lee. Mraba mzima una namba mbili tu! Kumbuka kwamba sudoku ya kawaida haiwezi kuwa na jibu moja la pekee ikiwa na namba chini ya 17. Gary McGuire wa Dublin na wenzake walilithibitisha hilo kwa kompyuta mwaka 2012. Lee aliweza kushuka hadi mbili kwa kuongeza masharti: namba moja isijirudie kwenye visanduku vilivyoachana kwa hatua ya mfalme au ya farasi wa sataranji, na visanduku vinavyopakana ubavu visibebe namba zinazofuatana. Anthony anaanza bila kuamini kwamba jambo hilo linawezekana, na baada ya dakika kama 25 amemaliza. Mimi niliisimamisha video kila alipoandika namba, nikijaribu kuiona sababu kabla hajaitamka. Ilinichukua jioni mbili. Kiingereza chao ni cha taratibu, mwenye Kiingereza cha shule atawafuata.

Sasa nifike kwenye kile ninachokitumia zaidi kuliko vyote: mkusanyo wa Simon Tatham, Simon Tatham's Portable Puzzle Collection. Ni bure kabisa, hauna matangazo, hauulizi jina wala barua pepe, na unafunguka ndani ya kivinjari. Una michezo zaidi ya thelathini. Mingine inatokana na mafumbo yanayojulikana ila ina majina mapya, kwa hiyo usipotee: sudoku inaitwa Solo, Slitherlink (ule wa kuchora mstari mmoja unaozunguka na kurudi ulipoanzia, kwa kufuata namba) inaitwa Loopy, na ile ya kupaka visanduku rangi kwa kufuata namba za pembeni mpaka mchoro utokee inaitwa Pattern. Mafumbo hayakuhifadhiwa kwenye ghala, kompyuta inayatunga papo hapo, kwa ukubwa na ugumu unaoutaka, kwa hiyo hayaishi.

Muonekano wake ni wa kizamani, na maelezo yote ni ya Kiingereza. Kitufe chake cha Solve kinafumbua fumbo zima kwa mkupuo, hakina kati na kati, na kwa kipimo changu hilo ni pungufu. Lakini mkusanyo huu una msaada wa namna nyingine. Unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi mwanzo bila kikomo. Nikikwama sasa sibofyi Solve. Narudi nyuma mpaka mahali nilipokuwa na uhakika wa mwisho, nakwenda tena nikijiuliza kila hatua niliipata wapi. Mara nyingi nakuta hatua moja niliyoiweka kwa hisia tu. Kwenye Solo namba inayogongana na mwenzake inageuka nyekundu, kwa hiyo kosa la wazi unaliona mapema.

Halafu kuna Mines, ule mchezo wa kutegua mabomu. Kwenye matoleo mengi ya mchezo huu unaweza kufika mwisho ukabaki na visanduku viwili, bomu kwenye kimoja, na hakuna hoja yoyote ya kuchagua. Unarusha shilingi. Huo kwangu si mchezo wa mantiki tena. Mines ya Tatham inahakikisha tangu inapotunga kwamba ukishafungua kisanduku cha kwanza, kilichobaki chote kinafumbulika bila kubahatisha. Hebu fikiria ahadi hiyo inavyokubadilisha unapocheza. Ukikwama unajua kwa yakini kwamba hoja ipo, iko mbele ya macho yako, hujaiona tu. Nimewahi kukaa robo saa nikitazama kona moja kwa sababu ya ahadi hiyo, na nikaipata. Bila ahadi ningeshabahatisha dakika ya pili.

Kitu kingine: kila fumbo lina namba yake ya utambulisho. Naichukua namba hiyo, namtumia dada yangu aliye mbali, anafungua fumbo lile lile hasa ninalocheza mimi. Akikwama haniombi jibu. Ananiuliza, "Nitazame upande gani?" Namwambia, "Kona ya chini, zile 3 mbili zilizopakana." Anakaa kimya, kisha ananiandikia herufi kubwa tupu kwa furaha. Katika misaada yote niliyoieleza hapa, wa dada yangu ndio ninaoupenda kuliko yote.

Nimejaribu pia programu za gumzo za akili bandia, kwa haraka nitasema zilivyonifanyia. Niliiuliza mojawapo neno la herufi sita lenye A nafasi ya pili, ya nne na ya sita. Ikanijibu "zawadi", kwa kujiamini kabisa. Herufi sita, sawa, lakini nafasi ya sita ni I. Programu hizi huyasoma maandishi kwa vipande, si herufi moja moja, ndiyo maana kuhesabu herufi huzipiga chenga. Kwa kueleza maana ya neno la zamani au kukumbusha visawe zinafaa. Kwa makutano ya mraba, hesabu mwenyewe kwa kidole.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni huu. Kama unapenda mantiki, fungua mkusanyo wa Tatham, chagua Solo au Pattern kwa ukubwa mdogo, ukae nayo wiki moja kabla ya kugusa kingine. Kama unapenda maneno, kabla ya kuizoea programu kwenye simu yako, bofya kitufe chake cha msaada mara moja kwenye fumbo usilolijali. Kikikutupia jibu, tafuta nyingine. Kikikuonyesha pa kutazama, baki hapo.

Mimi usiku huu nina Loopy ya 10 kwa 10 ambayo haijakubali tangu jana. Dada ameshaimaliza. Amesema nitazame ile 2 ya pembeni.